GHARAMA YA KUSUBIRI: Mafunzo ya Historia kuhusu Njaa, Akiba na Kinga katika Nyanda za Kati

Utangulizi

Kila mwaka bajeti inapogawanywa, iwe ya Taifa, ya halmashauri au ya kijiji, mafungu mawili hushindana. Fungu la kwanza ni la maendeleo yanayoonekana: darasa, zahanati, barabara. Fungu la pili ni la kinga: makinga maji, mitaro, maghala, upandaji miti, dawa ya kuhifadhi nafaka. Fungu hili la pili hushindwa mara nyingi, na sababu yake haijifichi. Hakuna kiongozi anayealikwa kukata utepe kwenye njaa ambayo haikutokea.

Katika madarasa ya itikadi makada huuliza swali moja kwa namna mbalimbali: Je, nchi yenye mapato madogo inaweza kumudu kutumia fedha kwa ajili ya jambo ambalo huenda lisitokee? Ni swali la halali, na mwalimu asilikwepe kwa kutaja methali ya ufa na ukuta. Makala haya yanakusudia kulijibu kwa ushahidi wa historia yetu wenyewe. Tumechagua nyanda za kati, yaani Ugogo na Kondoa, pamoja na jirani yao Shinyanga, kwa kuwa huko ukame ni jambo la kawaida, na karne nzima iliyopita ni daftari lililojaa hesabu za gharama ya kujikinga na gharama ya kusubiri.

Hoja zetu ni tatu. Kwanza, ukame huletwa na anga lakini njaa hutengenezwa na mfumo wa jamii. Pili, gharama ya kinga haikwepeki. Hulipwa mapema kwa kipimo, au baadaye pamoja na riba. Tatu, swali kubwa kuliko yote katika uchumi wa kinga ni hili: nani analipa na nani anafaidika? Hapo ndipo uchumi unapokutana na siasa.

Kinga kabla ya ukoloni

Si kweli kwamba wazee wetu waliishi kwa kubahatisha. Mkulima wa Ugogo alipanda mtama na uwele, mazao yanayostahimili jua. Aliweka nafaka ya ziada ghalani. Ng'ombe wake hakuwaweka zizi moja. Wengine aliwakopesha kwa ndugu na marafiki wa mbali, ili ukame au maradhi yakipiga upande mmoja, upande mwingine usalimike. Kwa Mgogo ng'ombe alikuwa ghala linalotembea: mwaka wa mavuno mabaya alibadilishwa kwa nafaka kwa majirani waliopata mvua. Kwa Wasukuma kulikuwa na ngitili, yaani eneo la malisho lililofungwa wakati wa masika ili majani yake yaliwe kiangazi.

Yote haya yalikuwa uwekezaji. Kufunga ngitili ni kukubali kupata kidogo leo ili kesho kusiwe na balaa. Kumkopesha jirani ng'ombe ni kulipa ada ya bima bila ya kampuni ya bima. Tusiipambe hali hiyo kupita kiasi: nguvu za uzalishaji zilikuwa duni, na njaa zilikuwapo na ziliua. Lakini jamii ilikuwa na mamlaka juu ya ziada yake ndogo, na sehemu ya ziada hiyo iliwekwa kwa ajili ya siku mbaya.

Ukoloni waila akiba: Mtunya, 1917 hadi 1920

Mamlaka hayo ndiyo yaliyovunjwa na ukoloni. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza yalipita Ugogo, na kila jeshi lilijilisha kwa jasho la wenyeji. Nafaka ilichukuliwa maghalani, ng'ombe walichukuliwa mazizini, na vijana walikamatwa kuwa wapagazi. Mvua zilipokosekana, zilimkuta mkulima hana nafaka, hana mifugo ya kubadilisha, wala hana nguvu-kazi ya kulima tena. Njaa iliyofuata wenyeji waliiita Mtunya. Wanahistoria hukadiria kwamba katika watu wapatao 150,000 wa Ugogo, kama 30,000 walikufa.

Kada azingatie mpangilio wa mambo hayo. Ukame ulikuwa wa mwisho kufika. Kabla yake kinga yote ya jamii ilikuwa imeshanyang'anywa moja baada ya nyingine. Kwa lugha ya uchumi, majeshi ya kibeberu yalitumia mtaji wa akiba wa Wagogo kugharamia vita vyao, na bili ikalipwa kwa maisha ya watu.

Fedha zilikuwapo: Kongwa, 1947 hadi 1951

Huenda mtu akasema wakoloni hawakuwekeza katika kinga kwa sababu koloni lilikuwa maskini. Historia inamkanusha. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya Uingereza ilihitaji mafuta ya kula kwa ajili ya watu wake, ikaanzisha mpango mkubwa wa karanga, na moja ya maeneo makuu likawa Kongwa, humo humo Ugogo. Matrekta yaliletwa, misitu ikang'olewa, reli na bandari vikajengwa kusini, Nachingwea na Mtwara. Mvua za Kongwa, ambazo kila mzee wa Kigogo angaliweza kuwaeleza tabia yake, hazikutosha. Udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji. Mpango uliachwa mwaka 1951, hasara ikiwa takriban pauni milioni 36.

Basi fedha zilikuwapo. Zilitumika katika eneo la njaa, lakini kwa ajili ya kuzalisha bidhaa za mkoloni na bila kuijali hatari ambayo wenyeji waliijua kwa vizazi. Funzo hapa ni la pande mbili: uwekezaji usiopima hatari ni upotevu, hata uwe mkubwa namna gani, na mwelekeo wa uwekezaji huamuliwa na tabaka lenye madaraka.

Kinga ya shuruti: Uluguru, 1955

Mkoloni alipoamua hatimaye kuhifadhi udongo, aliifanya kinga kuwa adhabu. Katika milima ya Uluguru wakulima walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa nzito, ilichukua siku nyingi za nguvu-kazi, na mara nyingi ilifukua udongo usio na rutuba ukaletwa juu. Faida haikuonekana. Julai 1955 wananchi walikusanyika Matombo kupinga, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akauawa. Mpango ukafa.

Kulinda udongo wa milima ya Uluguru lilikuwa lengo sahihi. Mito inayotoka huko inawanywesha watu wengi wa nchi tambarare. Kosa lilikuwa kumtwisha mkulima wa mlimani gharama yote bila kumshirikisha wala kumwonyesha faida yake. Tulikumbuke kosa hili, kwani si wakoloni peke yao waliolifanya.

Mtihani wa Uhuru: 1973 hadi 1975

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilifundisha kwamba msingi wa maendeleo ni watu na kazi yao, na kwamba kutegemea fedha za nje ni kujidanganya. Mwaka 1972, kule Iringa, Chama kilitangaza Siasa ni Kilimo. Mwelekeo ulikuwa sahihi. Lakini mwelekeo sahihi haujazi ghala kwa siku moja.

Ukame wa mwaka 1973 na 1974 uliikuta nchi haina akiba ya nafaka ya kutosha. Ulitukuta pia wakati mbaya kabisa katika soko la dunia. Bei za nafaka zilikuwa zimepanda baada ya mavuno mabaya ya mwaka 1972 katika nchi kubwa. Bei ya mafuta ya petroli ilipanda kiasi cha mara nne kati ya mwishoni mwa 1973 na mwanzoni mwa 1974. Tulilazimika kuagiza mamia ya maelfu ya tani za chakula kwa bei ya kilele, na akiba ya fedha za kigeni ikakaribia kwisha. Fedha zilizokusudiwa mashine, vipuri na madawa zilikwenda kununua mahindi.

Hapa tusiogope kujikosoa, maana kujikosoa ni silaha ya Chama cha mapinduzi. Novemba 1973 ilitolewa amri kwamba kuishi vijijini ni lazima, na operesheni za kuhamisha watu zikaendelea katika miaka ile ile ya ukame. Lengo la kuwakusanya wananchi wapate shule, maji na zahanati lilikuwa jema, na mengi yalipatikana. Lakini mahali pengine watu walihamishwa wakati wa kulima, mashamba ya zamani yakaachwa mbali, na maeneo mapya yakachaguliwa kwa kuangalia barabara kuliko maji na udongo. Ukame ulikuwa chanzo kikubwa cha upungufu wa chakula. Lakini uongozi usiosikiliza uliongeza uzito wa mzigo.

Chama na Serikali havikukaa kimya. Kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona iliwaingiza hata wafanyakazi wa mijini mashambani, na wakulima wa maeneo makavu wakahimizwa kulima mtama, uwele na muhogo. Katikati ya miaka ya 1970 ulianzishwa mpango wa hifadhi ya nafaka ya Taifa chini ya Shirika la Usagishaji la Taifa. Hifadhi hiyo ndiyo chimbuko la kazi inayofanywa leo na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula.

Uchumi wa hifadhi hiyo hueleweka vibaya mara nyingi. Ghala la Taifa halikusudiwi kuilisha nchi mwaka mzima. Kazi yake ni kununua muda. Nchi yenye akiba ya miezi michache inaweza kulinganisha bei, kuagiza meli na kuipokea bila papara. Nchi isiyo na akiba hununua kwa bei yoyote atakayotaja muuzaji, kwa kuwa watoto hawasubiri meli. Tofauti kati ya bei hizo mbili ndiyo faida ya ghala, ingawa haiandikwi katika daftari lolote.

Hata hivyo ghala lina gharama zake: nafaka huzeeka, lazima iuzwe na kununuliwa mpya, na fedha hulala ndani yake. Shirika la Usagishaji lilibebeshwa kazi nyingi mno kwa pamoja: kununua mazao nchi nzima kwa bei moja, kuuza sembe mijini kwa bei nafuu, na kutunza akiba. Madeni yake benki yalikuwa makubwa sana kufikia miaka ya 1980, na ruzuku ya sembe iliondolewa mwaka 1984. Funzo ni kwamba akiba ya maafa ikichanganywa na ruzuku ya kila siku, yote mawili huanguka. Kinga iwe na fungu lake na hesabu zake.

Kondoa na Shinyanga: njia mbili

Mwaka 1973 ilianzishwa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kwa jina la HADO, kwa msaada wa Sweden. Katika vilima vya Kondoa makorongo yalikuwa yamekula mashamba na mito imejaa mchanga. Walianza na makinga maji ya kuchimbwa kwa mashine na miti. Maendeleo yakawa ya polepole, kwani mifugo ilikula kila kilichoota. Mwaka 1979 ikatolewa amri nzito: mifugo yote, ipatayo 90,000, iondolewe katika eneo lililoharibika vibaya la kilometa za mraba 1,256. Ikaondolewa.

Ardhi ilijibu. Majani na vichaka vilirudi, makorongo yakaanza kutulia, na mashamba yakapatikana tena mabondeni. Kwa udongo, uwekezaji ulilipa. Lakini tuulize swali letu la tatu. Nani alilipa? Alilipa mfugaji, aliyepoteza maziwa, samadi, wanyama wa kulimia, na lile ghala lake linalotembea. Mwenye ndugu nje ya eneo alipeleka ng'ombe wake huko. Asiye na ndugu aliuza kwa bei ya hasara. Miaka kumi hivi ikapita kabla ya utaratibu wa kufugia bandani kuruhusu ng'ombe warudi kwa kipimo. Mzigo uliowahusu wengi ulibebwa na wachache, bila ya fidia inayolingana.

Shinyanga walikwenda njia nyingine. Misitu ilikuwa imefyekwa tangu enzi za ukoloni ili kuwaangamiza mbung'o, kisha pamba na mifugo vikaongeza shinikizo, hata Mwalimu Nyerere akaiita Shinyanga jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kwa msaada wa Norway. Wataalamu walianza na vitalu vya miti ya kigeni, lakini baadaye wakatambua kwamba wananchi wenyewe walikuwa na utaalamu wa ngitili. Vijiji na kaya zikafunga maeneo yao kwa sheria zao, chini ya walinzi wao. Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zimesalia hazikuzidi hekta mia chache. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000. Kazi hiyo ilitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2002.

Tofauti ya njia hizi mbili ni ya kiuchumi pia. Katika ngitili anayefunga malisho ndiye anayevuna kuni, majani, dawa na asali. Kwa hiyo ulinzi hugharimu kidogo, kwa sababu mwenye mali ndiye mlinzi. Kinga ya amri huhitaji askari kila siku, na askari akiondoka, kinga huondoka naye. Lakini tusifumbe macho: mwenye ardhi kubwa hufunga ngitili kubwa, na maskini asiye na ardhi hubaki nje ya wigo. Ngitili za pamoja za kijiji ndizo zinazohitaji kulindwa na Chama kwa nguvu zaidi.

Dumuzi amkosoa mhenga

Wahenga walisema akiba haiozi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 dumuzi aliikosoa methali hiyo. Mdudu huyu asili yake ni Amerika, na inaaminika aliingia nchini na mahindi yaliyoagizwa kutoka huko. Aligunduliwa kwanza mkoani Tabora, akaenea haraka hata watu wakambandika jina la Skania. Uchunguzi wa wakati huo ulionyesha kwamba katika maghala yaliyoathirika vibaya, theluthi ya uzito wa mahindi iliweza kupotea kwa miezi michache tu.

Tuchukue mfano wa hesabu. Kaya imevuna magunia 10 mwezi Juni. Ikifika Januari dumuzi amekula 3. Kaya inalazimika kununua magunia 3 wakati ambapo bei, tuseme, ni mara mbili ya ile ya Juni. Hasara ni sawa na magunia 6 kwa bei ya mavuno. Kupukuchua mahindi na kuyachanganya na dawa ya unga kwa magunia yote 10 hakufikii thamani ya gunia moja. Mtu gani angekataa biashara ya namna hiyo? Lakini Juni ndio mwezi wa kulipa madeni na ada, na maskini asiye na shilingi ya Juni hulipa shilingi nyingi Januari. Umaskini hauleti uzembe; humnyima mtu nafasi ya kulipa mapema.

Uchumi wa kinga ni uchumi wa Taifa zima

Mabonde hayajui mipaka ya kata. Udongo unaomomonyoka katika nyanda za Dodoma na Mpwapwa huteremka na Kinyasungwe na Mkondoa, hukijaza kina cha mto, na kusukuma maji kwenye Reli ya Kati kati ya Gulwe na Kilosa. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliwaacha maelfu ya watu wa Kilosa bila makazi na kukata reli hiyo kwa miezi kadhaa. Mfanyabiashara wa Mwanza na mkulima wa Kigoma walilipia makorongo ambayo hawajapata kuyaona.

Miaka ya karibuni imezidisha uzito wa somo. Desemba 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na kuua zaidi ya watu 80. Aprili 2024 Waziri Mkuu alilieleza Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamekufa kutokana na mvua kubwa na athari zake. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inazungumzia kinga pamoja na uokoaji. Sheria ni msingi; fungu la fedha ndilo jengo.

Wataalamu wa dunia hutupa uwiano wa faida. Mwaka 2019 tume moja ya kimataifa ilikadiria kwamba dola trilioni 1.8 zikiwekezwa katika kuhimili mabadiliko ya tabianchi zingeleta faida ya trilioni 7.1. Takwimu hizi zinasaidia, lakini uwiano mzuri unaweza kuficha dhuluma. Kondoa ingeonyesha faida katika hesabu ya jumla, huku mfugaji mmoja akifilisika. Kada anayepewa uwiano aulize daima: gharama imewekwa mgongoni mwa nani, na faida imeingia mfukoni mwa nani?

Hitimisho

Jibu la swali la makada sasa liko wazi. Si kweli kwamba nchi maskini haimudu kinga. Isichokimudu ni kununua chakula kwa bei ya kilele na kuijenga reli ile ile mara mbili. Lakini kinga ina masharti. Ianze na maarifa ya wananchi. Iwe na fungu lake lisiloguswa kwa matumizi mengine. Anayeombwa kupunguza mifugo, kuacha shamba la mtelemko au kuhama bondeni alipwe na wale wanaofaidika, yaani sisi sote.

Kazi ya mwana-Chama katika tawi na kijiji ni kuuliza mambo haya kabla ya mvua. Katika kikao cha bajeti kijacho, asimame aulize: ghala letu lina magunia mangapi, mtaro umezibuliwa lini, dawa ya nafaka itawafikia akina nani mwezi Juni, na ngitili ya kijiji imepimwa au imeshauzwa? Yakikosa majibu, wanaohudhuria kikao hicho wajue kwamba bili imeshaanza kuandikwa, na watakaoilipa hawakualikwa kikaoni.